Maisha Yangu Yanaanzia kwa Dada Yako

Likombe, baada ya alasiri

Salha mwanangu,

Watu wa zamani walianza barua kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naijua. Mchana huu umekula ugali wa muhogo na pweza wa nazi, ukaongeza, ukavaa baibui lako jipya, ukaniambia unakwenda Chikongola kuwaaga mashoga zako na utarudi kabla ya magharibi. Nikaona huu ndio mwanya wangu. Nimekaa uani na karatasi zako, kuku wananizunguka wakidhani nachambua mchele.

Habari za kufunga mlango wa chumba, za kuanika nguo za ndani pasipopita watu, za kutokumwazima mtu simu, sitaziandika. Hizo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukanijibu, "Mama jamani, naenda chuoni Dodoma, siendi vitani." Haya, yameisha. Nakuandikia kuhusu kazi uliyonipa mwenyewe.

Unakumbuka Ramadhani iliyopita, tukisubiri adhana, nilipokuwa nakusimulia jinsi tulivyopiga madebe kufukuza viboko mpungani, kule bondeni Ruvuma? Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Mama, haya uyaandike. Andika maisha yako." Nikakuuliza maisha ya mwokota korosho atayasoma nani. Ukasema, "Mimi. Anza popote tu." Kesho yake ukaniletea karatasi za mistari na kalamu mbili kutoka duka la Mhindi, ukaniwekea juu ya kabati kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa.

Popote tu! Ungejua nilivyohangaika kupatafuta hapo popote.

Mara ya kwanza niliandika kwamba nilizaliwa katika kijiji kilicho karibu na Ruvuma inapoingia baharini, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga na korosho, na kwamba nilisoma mpaka darasa la tano. Nikajisomea kwa sauti. Ilikuwa kama maelezo ya mtu anayeomba kitambulisho. Yote yalikuwa kweli, lakini mtu mwenyewe hayumo. Karatasi ile niliifungia karanga nikaziuza.

Mara ya pili nikaanza na tabu zangu. Hapo, mwanangu, maneno yalikuja mbiombio. Njaa ya mwaka tuliokula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, asubuhi na jioni, mawifi walionisema, mikorosho iliyoungua, ugonjwa wa baba yako. Niliandika huku nalia, na nilipoacha kulia nikajionea huruma, nikaandika tena. Niliona sasa nimeshakuwa mwandishi. Halafu siku moja nikazisoma zile kurasa mfululizo, nikagundua kwamba ndani yake sijamkosea mtu hata mmoja. Kila mtu kanikosea mimi. Nimeishi na watu miaka mingi, Salha, nawajua vizuri, na mtu wa namna hiyo hajazaliwa bado.

Mara ya tatu ndiyo inayonitia aibu zaidi. Nilianza na marehemu baba yenu. Niliandika, "Mume wangu hakupenda watoto wa kike wasome." Nikaendelea ukurasa mzima kabla mkono haujasimama. Ni uongo. Baba yenu alipenda ninyi msome kuliko alivyopenda kula. Lakini yeye yuko kaburini, hana mdomo wa kunikatalia, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumtwisha. Nilichana karatasi, nikatia udhu, nikasali rakaa mbili, nikamwombea dua. Na wakati namwombea nilijua wazi kwamba mtu ninayepaswa kumwomba radhi yuko hai, anakaa Mtawanya, anabangua korosho.

Tangu hapo sikuandika tena. Ukawa unaniuliza, "Mama, umefika wapi?" nami nakujibu kwamba natafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani.

Ningeendelea kuitafuta mpaka uondoke, kama si kisomo chetu cha Ijumaa. Watu walikuwa wamekwisha kula pilau, shehe amekwisha kukuombea safari njema, mama mmoja akasema mwali wa chuo naye aseme neno. Ukasimama. Ulipendeza, sikatai. Ukamshukuru Mungu, ukanishukuru mimi, ukasema wewe ndiye wa kwanza kufaulu katika nyumba hii. Halafu ukamgeukia dada yako Zuhura aliyekuwa anakusanya sahani, ukasema, "Dada Zuhura kabangua korosho, mie nimebangua vitabu!"

Watu walicheka. Ulikuwa utani, najua, na utani wetu huku hauna mipaka. Zuhura naye akacheka, akanyanyua sinia, akaingia jikoni, na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Na mimi nilicheka, Salha. Ndilo linalonikereketa tangu siku ile. Nilicheka kwa sauti, nikapiga na kofi.

Dada yako hakufeli. Mimi ndiye niliyemfelisha.

Ulikuwa mwaka uliozaliwa wewe. Zuhura alikuwa darasa la saba, na likizo ya katikati ya mwaka alikuwa ametoka unyagoni. Alitoka ameng'aa kwa mafuta, kanga mpya, watu wanamtunza na vigelegele havikomi. Kwetu binti akishatoka unyagoni haitwi tena mtoto. Anafundishwa adabu, kuwaheshimu wakubwa, kuibeba siri ya nyumba. Mafundisho hayo nayaheshimu mpaka leo, na ukiwasikia watu huko uendako wanayacheka, usicheke nao. Ubaya haukuwa unyagoni. Ubaya ulikuwa wangu, maana nilichukua kile alichofundishwa nikamfungia nacho.

Wewe ulikuwa mchanga na kifua chako kilikuwa hakikupi usingizi. Baba yenu alikuwa bara huko, kwenye vibarua vya kupulizia watu mikorosho yao. Korosho zetu zilikuwa karibu kuanguka, na korosho zikianza kuanguka hazimsubiri mwenye mtoto mgonjwa. Siku chache kabla ya mtihani wa kumaliza shule nilimwita Zuhura jikoni. Alikuja amekupakata.

Nikamwambia, "Zuhura, wewe sasa ni mtu mzima."

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzima anaziona shida za nyumba bila kuonyeshwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi huo mtihani, usijaze ya kweli."

Akanitazama. "Nisijaze?"

"Jaza. Lakini jaza ovyo."

Ulianza kulia, akakuhamishia bega la pili, akakupigapiga mgongoni mpaka ukanyamaza. Halafu akasema, "Ndiyo, mama." Mimi nikageukia sufuria yangu.

Utasema si mimi peke yangu. Kweli, wazazi wengi wa kwetu wamewahi kuwaambia watoto wao hivyo, na wapo wanaosema hadi leo. Nilijifariji nalo hilo miaka mingi. Lakini Zuhura hakuambiwa na wazazi wengi. Aliambiwa na mimi, kwa mdomo huu.

Matokeo yalipotoka, mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani kwa miguu. Alikuwa kijana, ametoka jasho, akakataa hata maji. "Mama Zuhura," akasema, "mimi sielewi. Huyu mtoto nilikuwa namsimamisha awafundishe wenzake. Kumetokea nini?"

Hapo, Salha, palikuwa na mlango uliofunguliwa kabisa. Ningesema kweli, labda mwalimu yule angejua pa kwenda. Nikamjibu, "Mwalimu, akili zake zote zimeishia ngomani. Mtoto ana kichwa kizito, nimfanyeje?"

Zuhura alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga makopa ya muhogo. Nilisikia mchi umenyamaza. Nikajiandaa, nikajua sasa atatokea aniumbue. Mchi ukaanza tena. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na katika dua zote nilizowahi kuomba, shukrani ile ndiyo ninayoijutia.

Uongo nao una kula yake, ukishauzaa inabidi uulishe. Baba yenu alikuwa amerudi na viatu vyeusi vya sekondari, alivinunua hata matokeo hayajatoka, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika. Naye nikamwambia hivyo hivyo, kichwa kizito. Akavifunga viatu kwenye mfuko, akampa mtoto wa jirani. Amekufa akiamini. Shangazi akiuliza, kichwa kizito. Posa ilipokuja, nikasema afadhali aolewe, shule haikumpenda. Wewe ulipoanza kuongea ulilikuta neno hilo ndani ya nyumba kama kinu na mchi, ukalitumia kama unavyotumia kinu na mchi. Kwa hiyo ile Ijumaa sikukuona wewe ukimtania dada yako. Nilijisikia mimi, nikiongea kwa mdomo wako.

Nani alikufundisha kuzidisha, Salha? Si mimi, mimi naishia kwenye mara tano. Ni Zuhura, alikupangia maganda ya korosho sakafuni safu kwa safu, wewe ukiwa darasa la pili. Hukuwahi kujiuliza mwenye kichwa kizito alijulia wapi. Na mimi niliomba usijiulize.

Sasa nirudi kwenye kuandika, maana ndiyo kazi uliyonipa. Jumamosi asubuhi, baada ya kisomo, nilishika kalamu nikaandika sababu zangu. Wewe ulikuwa unaumwa. Korosho zilikuwa zinaanguka. Shule ya sekondari ilikuwa mbali, wasichana walikuwa wanapanga vyumba vya uchochoroni na wengine walirudi na mimba. Zote hizo ni za kweli, unaweza kuwauliza watu. Lakini nilipozisoma nikaona zimepangika mno, kama wageni waliovaa kwa ajili ya picha. Nikajiuliza mwenyewe, Somoe wee, na sababu ile nyingine?

Ile nyingine ni hii. Mwezi mmoja kabla ya mtihani, kwenye kikundi chetu cha akina mama, nilikuwa nasoma tangazo kwa sauti. Nilikuwa najivunia sana kusoma mbele za watu. Zuhura alikuja kuniletea wewe unyonye, akasikiliza, akasema taratibu, "Mama, umeruka mstari." Wenzangu wakacheka. Hakuna aliyenidharau. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna, najiambia kama darasa la saba ananisahihisha mbele za watu, akifika kidato cha nne atanitazamaje? Nilimwonea wivu mtoto niliyemzaa. Hakuna mtu aliyewahi kulijua hilo, hata Zuhura. Wewe ndiye wa kwanza.

Nilipokwisha kuliandika nikavaa kanga zangu nikaenda Mtawanya. Sikutaka kuandika habari ya mtu bila kumuuliza. Nilimkuta Zuhura amekaa kwenye kigoda, vidole amevipaka majivu yasimuunguze mafuta ya maganda, anabangua. Nikamsalimia, akaniamkia, akanipa mkeka.

"Nimekuja kukuomba ruhusa," nikasema.

"Ruhusa ya nini, mama?"

"Salha ananitaka niandike maisha yangu. Nataka nitie na habari ya mtihani wako."

Hakuacha kubangua. "Kwani yote uloandika hayo hukuitia?"

"Bado."

"Sasa utaitia vipi?"

Nikamwambia nilivyopanga. Kwamba alinitii. Kwamba alikuwa binti mwema, akajitolea kwa ajili ya mdogo wake. Nilidhani atafurahi. Akaweka korosho chini.

"Hapana, mama. Hapo ndo unaanza tena. Usiandike nilijitolea. Anayejitolea kaulizwa. Mie sikuulizwa."

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali na sikuwa na pa kuangalia.

"Na uandike kama majibu niliyajua," akasema. "Swali la kwanza mpaka la mwisho. Kila swali nililifanya kwanza, nikalipata, halafu ndo nikajaza jingine. Maana ningejaza ovyo ovyo ulivyosema, mengine si ningepatia kwa bahati? Sikutaka kukuangusha, mama. Nilifanya ule mtihani wote, wote, halafu nikaukosea."

Nililia pale kwenye mkeka. Hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Nikamuuliza kama atanisamehe. Akaokota ile korosho yake, akaigeuzageuza.

"Sijui, mama. Siku nyingine nakuona umezeeka, naona nishasamehe. Siku nyingine navitazama vidole hivi, naona bado. Ila Salha aambiwe. Maneno ya Ijumaa yameniuma." Halafu akasema, "Na mwambie mie simdai. Alikuwa mtoto wa mgongoni, angejua nini?"

Nimekufikishia kama alivyosema. Nami naongeza la kwangu. Kule kubebwa si kosa lako na nakuomba usilifanye kuwa mzigo. Utani wa Ijumaa ni wako, huo ushughulikie mwenyewe. Mengine yote ni yangu.

Kile kipande ulichoandika kuomba nafasi ya chuo, ulichonisomea mlangoni kwa fahari, kinaanza hivi: "Mimi ni msichana wa kwanza katika familia yetu kujaliwa akili ya darasani." Nilikusikiliza nikasema mashallah. Ilitakiwa nikuambie pale pale ukifute. Sasa umeona kosa langu linavyosafiri: limetoka jikoni kwangu, limekuwa mstari wa kwanza wa maisha yako.

Sina elimu ya kukufundisha uandishi. Nilichokiona ni hiki kidogo. Nilipokuwa naandika ninayoyapenda, kalamu ilikwenda yenyewe, na nikimaliza najiona mzuri. Palikuwa na sehemu moja ambayo kila nikiikaribia nakumbuka nimeacha nguo juani, au naona kiu, au naitafuta miwani. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Kumbe nilikuwa naizunguka, kama mtu anavyolizunguka shimo lililoko kwenye njia ya kwake anayoijua hata gizani. Ukianza kuandika ya kwako huko Dodoma, siku moja na wewe utaona kiu ya ghafla namna hiyo. Usinyanyuke. Kaa hapo hapo.

Na kama siku hiyo itakukuta unaniandika mimi, usinipambe. Usiseme alikuwa mama mwenye shida nyingi. Walikuwapo wenye shida kunizidi, na watoto wao walijaza majibu ya kweli.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya begi, katikati ya kanga, uikute kesho basi limekwisha kupita Lindi. Nilikuwa nimeshaikunja hivyo hata kabla sijaimaliza. Halafu nikajiona. Nataka usome mahali ambapo siuoni uso wako. Na nataka Zuhura abaki huku na mimi, na kicheko cha Ijumaa kibaki katikati yenu, mpaka likizo, au mpaka nife, lolote litakalotangulia. Basi sitaitia kwenye begi. Ukirudi nitakupa mkononi, nitakaa hapa hapa uani mpaka uimalize. Ukitaka kunisema, nisemee hapa. Ukitaka kukaa kimya, nitakivumilia, maana nilimfundisha dada yako kimya cha miaka mingi kuliko hicho.

Zuhura anakuja baada ya isha, na kitana na mafuta yake, kukusuka nywele za safari. Anajua nitaandika, hajui kama utakuwa umesoma. La kumwambia sikufundishi, kwa sababu kila nilichowahi kukufundisha kuhusu Zuhura kilikuwa kibaya. Nakuomba kimoja tu: usikae chini kumpa kichwa kabla hujamtazama usoni.

Mama yenu,
Somoe